Waru Ndoo Nzima, Alama Tatu: Nerima na Wateja Wake wa Dundori

Saa mbili kasorobo asubuhi, Nerima Sitati yuko juu ya ngazi, bega limeegemea nguzo ya mbao iliyolowa maji, akitafuta hitilafu ambayo haipo.

Kwamba haipo, hajui bado. Anachojua ni kwamba saa moja simu yake ililia, kazi mpya ikaingia: Dundori, nyumba ya mwalimu mstaafu, intaneti imekatika, taa nyekundu inawaka kwenye rauta. Mvua ya Mei ilinyesha usiku kucha na nguzo ya hapa imeinama tangu Aprili. Kwa hivyo ameanza na nguzo.

Chini, ngazi imeshikwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ni Mwalimu Thuo, miaka sabini na mitatu, koti la suti juu ya sweta na gambuti miguuni. Ukungu haujainuka kwenye mashamba ya waru, viazi vya huku. Nerima anafungua kisanduku cheusi kilicho juu ya nguzo, anachomeka kifaa cha kupima mwanga unaobeba intaneti ndani ya waya, anakisoma, anakunja uso.

"Umeona kitu?" Mwalimu anauliza.

"Bado, Mwalimu. Huku juu mwanga unafika sawa kabisa."

"Angalia tena," anasema Mwalimu, akitazama viatu vyake.

Mwandishi huyu, ambaye kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kuandika na kutetemeka kwa baridi, alipaswa kushuku pale pale. Mtu aliyekatikiwa na intaneti huwa na maneno mengi, tena makali. Huyu alikuwa mpole kupita kiasi. Hata mkoba wa vifaa alikuwa ameubeba yeye.

Nerima ana umri wa miaka thelathini na miwili na ni fundi wa intaneti ya nyumbani. Alizaliwa Kaptembwo, magharibi mwa mji wa Nakuru, mtoto wa nne wa mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka Webuye na hakurudi kwao tena. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akazungushwa na barua za kuomba kazi kwa miaka miwili, kisha akaingia kwenye kazi ya faiba, zile nyaya za mwanga. Huu ni mwaka wake wa sita.

"Nikianza, mtu alikuwa anafungua geti anaangalia nyuma yangu anauliza, 'Fundi ako wapi?'" anakumbuka. "Na mimi ndio huyo nimebeba ngazi! Nilikuwa nawaambia ako ndani ya hii kofia."

Analipwa kwa kazi: shilingi mia nne na hamsini kwa kila hitilafu anayorekebisha, elfu moja na mia moja kwa nyumba mpya anayounganisha. Mwezi mzuri unampa elfu thelathini na nane. Mwezi wa mvua, ambapo pikipiki inakwama matopeni, ni kama ishirini na mbili. Kwa hizo analipa nyumba Kaptembwo na kumsomesha binti yake, Shantel, mwenye miaka tisa. Mkataba wake na kampuni, ambayo ameomba tusiitaje, unaandikwa upya kila baada ya miezi sita.

Kazi yenyewe anaipenda bila kuficha. Ukimuuliza analeta nini kwenye nyumba za watu, hatakutajia kasi wala vifurushi.

"Kuna mathe mmoja aliniambia nisitoke mpaka kijana yake apige simu kutoka Qatar. Tukangoja. Uso ya kijana ikatokea, na badala ya salamu, mathe akaanza kumgombeza, 'Mbona umekonda hivyo, hawakupi chakula?' Alimgombeza dakika kumi. Mimi nimekaa hapo kwa stuli nalia. Sijui hata nililia nini."

Lakini kazi ya Nerima haiishi pale waya inapowaka. Akishafunga kazi kwenye simu yake, mteja anapokea ujumbe mfupi unaomwomba atoe alama kuanzia moja hadi tano, tano ikiwa bora zaidi. Alama nne na tano zinatokea kwenye simu ya fundi kwa rangi ya kijani, na neno "Ameridhika". Tatu kushuka chini ni nyekundu: "Mteja hajaridhika". Mkataba ukifika mwisho, wastani wa fundi usipofika nne, hauandikwi upya.

Na kuna sheria moja ambayo mafundi wanaiogopa kuliko kupigwa na umeme. Hairuhusiwi kumwambia mteja neno lolote kuhusu alama, si kumwomba wala kumweleza. Mwenzake Nerima aitwaye Levis alimnong'oneza mteja wa Njoro, "Boss, nipatie tano," na wiki hiyo hiyo akarudisha kofia na mkoba wa kampuni.

Kwa miaka mitano Nerima hakuwa na sababu ya kunong'ona. Alifanya kazi Njoro, kwenye vyumba vya wanafunzi wa chuo kikuu na nyumba za wahadhiri, na wastani wake ulikuwa nne nukta saba.

"Wanafunzi wa Njoro ni watu wazuri sana," anasema akicheka. "Hata hawakuangalii. Unaingia, unatengeneza, unatoka, bado ako kwa simu. Lakini tano inakuja kabla hujafika kwa geti."

Januari kampuni ilipandisha nyaya zake hadi Dundori, juu kwenye baridi, kwa wakulima wa waru na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Nerima akapewa eneo hilo. Huko ndiko tatu zilikoanza.

Ya kwanza aliiona ni bahati mbaya. Ya pili akajiambia labda mzee alibonyeza vibaya. Kufikia Machi alikuwa amepewa tatu mara tisa, na mwisho wa Aprili mara kumi na saba, zote kutoka Dundori. Wastani ukashuka hadi tatu nukta nne. Mafundi wenzake wakaanza kumwangalia kwa huruma, na huruma ya watu wa kazini, anayeijua anaijua.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba watu wenyewe hawakuonekana kukasirika. Walimlisha! Hakuna nyumba aliyotoka mikono mitupu. Hapa kabeji mbili, pale lita ya maziwa, kule ndoo nzima ya waru.

"Nimefunga ndoo ya waru nyuma ya pikipiki na mpira, nimebembeleza matope mpaka Lanet, nasikia simu inalia. Naangalia. Mteja hajaridhika. Ni huyo huyo wa waru! Waru ziko hapo nyuma, bado ziko na udongo ya shamba yake!"

Shantel, ambaye miezi hiyo alikula waru za kuchemsha, za kukaanga na za kupondwa mpaka akakoma kulalamika, ndiye aliyeuliza swali lililomkaa mama yake rohoni. "Mum, hao watu wanakupenda ama hawakupendi?"

Nerima anakumbuka alichomjibu: "Nilimwambia amalize chakula."

Akaanza kujichunguza. Kazi ni mbaya? Akawa anapima kila waya mara mbili. Ni kwa sababu yeye ni mwanamke? Halafu likaja swali jingine, na hapa sauti yake inapungua. "Mimi ni Mluhya, na huku juu wengi ni Wakikuyu. Mtu amekulia Nakuru, na umri yangu, hilo swali haliwezi kosa kupita kwa kichwa. Sikutaka lipite. Lilipita."

Alikuwa na miaka kumi na mitano mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi. Msomaji aliyekuwa Nakuru siku hizo hahitaji kuelezwa zaidi, na mwandishi huyu hakumuuliza zaidi.

Basi Nerima akabadilika, kidogo kidogo, kama mtu anayejikinga. Zamani alikuwa akifika anaingia ndani kwanza, anasalimia, anakaa, anaambiwa shida ilianzaje. Sasa akawa anasalimia akiwa getini na kofia kichwani, anakwenda moja kwa moja kwenye nguzo, na akiingia ndani ni kuangalia rauta tu na kutoka. Chai akawa anaikataa. "Niko na haraka, mathe," ndilo lililokuwa jibu lake, na haraka yenyewe haikuwepo. Mwanzoni mwa Mei akaandika barua kuomba arudishwe Njoro.

Msimamizi wake, Micah Kipketer, aliipokea barua hiyo akampa nyingine: ya onyo. Mpaka tarehe thelathini Juni, wastani ufike nne, la sivyo mkataba umekwisha.

Micah si mtu mbaya, na Nerima ndiye wa kwanza kusema hivyo. Nilimpata ofisini mjini, meza imejaa rauta za zamani. "Nerima ni fundi wangu mzuri kuliko wote," aliniambia. "Lakini Nairobi wananiuliza namba. Mimi naona namba. Waru siioni."

Turudi Dundori, chini ya nguzo.

Nerima ameshuka. Juu hakuna kosa, kwa hivyo kosa liko ndani, na ndani ndiko asikotaka kwenda. Anapangusa viatu mlangoni. Sebule ya Mwalimu Thuo ina makochi yenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, kalenda ya kanisa, na kabati la vitabu lisilofungika tena. Rauta iko juu ya televisheni. Taa yake ni nyekundu, kama Mwalimu alivyoripoti, hakusema uongo. Lakini waya nyembamba ya manjano inayoleta mwanga haiko mahali pake. Imechomolewa, imekunjwa duara, na kuwekwa vizuri juu ya kitambaa.

Waya ikitoka yenyewe haijikunji. Nerima anaitazama, kisha anamtazama mwenye nyumba, ambaye ghafla ameona jambo la maana sana kwenye kalenda.

"Mwalimu," anasema polepole. "Nani ametoa hii waya?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ndio uje."

Na mzee akakaa chini, akavua kofia, akasema yote bila kuulizwa tena.

Jumapili iliyotangulia, mjukuu wake Sue, mwanafunzi wa Njoro, alikuja kumtembelea. Akachukua simu ya babu yake kumfutia ujumbe uliojaa, akauona ule wa alama na jibu lake: tatu. "Guka," Sue akauliza, "huyu fundi alikukosea nini?" Mwalimu akamwambia hakumkosea chochote, na ndiyo maana alimpa tatu. Sue akashika kichwa. Akamweleza kijani na nyekundu, na kwamba tatu inaweza kumtoa mtu kazini.

"Sikulala," alisema Mwalimu. "Asubuhi nikapigia kampuni simu niwaambie wabadilishe. Huyo msichana wa simu akaniambia, 'Mzee, haiwezekani, ujumbe unatumwa fundi akishakuja.' Nikafikiria. Nikaona basi, fundi lazima aje."

Nerima alikuwa bado amesimama, waya mkononi. Ile sheria ya kutozungumzia alama ilimfunga mdomo hata hapo. Mwalimu hakufungwa na sheria ya mtu yeyote.

"Tatu kwa tano ni sitini kwa mia. Kwangu mimi sitini ni kupita, na kupita vizuri! Ukimpa mtoto alama zote, unamwambia amemaliza, afunge kitabu aende nyumbani. Mimi sikutaka uende, Nerima. Kwa hii ridge yote, kilima hadi kilima, hakuna fundi anaelezea mtu kitu mpaka aelewe kama wewe. Nilikuwa nakuambia endelea hivyo hivyo, urudi."

Nerima akakaa. Alikaa kwenye kochi la mteja wa Dundori kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na kofia yake ya kazi bado kichwani, na akaanza kucheka. Kicheko hicho kilienda vizuri kwa muda kisha kikageuka kuwa kilio, cha sauti kabisa, na Mwalimu wa watu akabaki anapapasa mifuko akitafuta leso.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa na kichwa kikachungulia.

"Haiya! Imefaulu?"

Alikuwa Wachuka, jirani, mjane wa miaka sitini na minane, amebeba birika la maziwa. Ilibainika kwamba mpango wa waya haukuwa wa mtu mmoja. Alipomwona Nerima analia, akaweka birika chini na kumgeukia mwenzake kwa ukali. "Thuo, umemwambia nini? Nilikuambia uningoje!"

Wachuka naye alikuwa amempa Nerima tatu, mara mbili. Sababu yake haikuwa ya shule. "Mimi sisifu ng'ombe wangu mbele ya watu," alieleza, akijitafutia nafasi kwenye kochi. "Nitamsifu aje mtoto wa wenyewe kwa kompyuta, wote wasome? Nilimpa tatu nikanyamaza, halafu nikaenda store nikamchagulia waru kubwa kubwa. Si hizo ndizo shukrani?"

"Cucu, nilizikula," Nerima alimwambia bibi huyo, akipangusa pua. "Zilikuwa tamu. Nilizikula nikifikiria hunipendi."

"Woiye!" Wachuka akapiga paja. "Woiye mtoto wa watu!" Akasogea akamshika mkono, na hakuuachilia kwa muda mrefu.

Mambo yangeweza kuishia hapo kwa uzuri, lakini Nerima alikumbuka jambo, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ametengeneza intaneti ya nyumba hii siku kumi na tisa zilizopita. Hitilafu ikijirudia kabla ya siku thelathini, kampuni huhesabu kwamba fundi alifanya kazi mbovu, na hiyo hushusha wastani vibaya kuliko hata tatu. Wazee wawili walikuwa wamekesha wakipanga namna ya kumwokoa, na wamemchimbia shimo jingine.

Hakutaka kusema. Mwalimu alimwona ameikodolea simu macho bila kuandika, akamlazimisha aeleze, naye akaeleza.

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko, Mwalimu. Naweza andika mteja ndiye alitoa waya. Lakini hiyo unalipishwa mia tano ya kuitwa bure. Inaongezwa kwa bili yako."

"Si mimi ndio nilitoa?"

"Ni wewe, lakini..."

"Basi andika ni mimi."

"Mwalimu, mia tano!"

"Wee, andika."

Akaandika. Akachomeka waya, taa ikageuka kijani, akafunga kazi. Kisha akafanya jambo ambalo mwandishi huyu hajaona likifanywa na mtu aliye na kila sababu ya kutolifanya: akasimama, akaomba ruhusa, akatoka nje. Fundi hatakiwi kuwa karibu mteja anapotoa alama. Tulimwona dirishani akifungafunga ngazi, ametupa mgongo.

Simu ya Mwalimu ililia. Akavaa miwani, akausoma ujumbe kwa sauti kutoka neno la kwanza hadi la mwisho.

"Bonyeza tano tumalize," alisema Wachuka.

Mwalimu hakubonyeza. Alishika simu kwa mikono miwili. Ukimtazama ungesema anaombwa kuuza shamba. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Nje, Nerima alikuwa amemaliza kufunga ngazi na ameanza kuifungua tena. Nakiri kwamba nilitamani kumnyang'anya mzee ile simu nibonyeze mwenyewe.

Kisha kidole kikashuka, na Wachuka, aliyekuwa amenyoosha shingo, akapiga ukelele. "Nne! Thuo! Baada ya hii yote? Nne?"

"Nyamaza kwanza," Mwalimu alisema. "Nimefundisha miaka thelathini na moja. Insha ya darasa la nane inasahihishwa kwa arobaini. Unajua alama ya juu kabisa nimewahi kutoa? Thelathini na mbili. Mara moja. Huyo mtoto leo ni daktari. Thelathini na mbili kwa arobaini ni nne kwa tano, piga hesabu mwenyewe. Sijawahi kumpa mtu zaidi ya hapo."

"Na hiyo moja umeiweka wapi?"

"Nimekata." Akainuka, akaenda mlangoni, akapaza sauti nje ili mhusika asikie. "Nimekata moja kwa sababu alianza na nguzo kabla ya kuja kunisalimia!"

Nerima hakugeuka mara moja. Simu yake ilikuwa imekwisha kulia mfukoni. Aliitoa, akaisoma, na hata kwa mbali tuliona kwamba ile rangi haikuwa nyekundu. Halafu akavua kofia, akaitundika kwenye usukani wa pikipiki, akarudi ndani.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu," alisema, akimnyooshea mkono. "Mmeamkaje hapa kwenu?"

Akanywa chai vikombe viwili, kwa maziwa ya Wachuka. Siku hiyo alichelewa kazi tatu zilizofuata.

Nne moja haiwezi kuziinua tatu kumi na saba, na mtu wa hesabu kama Mwalimu hakuhitaji kuambiwa hilo. Wiki iliyofuata Mwalimu Thuo alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari la mistari, Wachuka akimwonyesha njia za mkato. Hakumwomba mtu yeyote ampe Nerima alama hii au ile. Alimuuliza kila mmoja kwa nini alitoa tatu, akaandika jibu kwa maneno ya mwenyewe, na kila mmoja akaweka sahihi chini ya jibu lake.

Kisha akavaa suti yake ya Jumapili, akashuka mjini, akaweka majibu hayo, barua ya kurasa nne, juu ya meza ya Micah Kipketer, kati ya rauta mbovu.

Micah alinionyesha nakala. Mwandiko umelala upande mmoja, umenyooka, hakuna neno lililofutwa. Mmoja amesema kwamba alitoa tatu kwa sababu fundi ni mzuri na bado ni kijana, atakuwa mzuri zaidi. Mwingine, kwamba tano angempa kama angekubali kubaki kwa chakula cha mchana. Mama mmoja amesema hakujua kama ni haki mtu kutoa zote na Mungu abaki na nini. Wa mwisho ameeleza kwa ufupi: "Tatu ni nzuri. Ningekuwa sijafurahi singejibu."

"Nilisoma mara mbili, mlango nimefunga," Micah alisema. Alijikuna shingo. "Sasa hii nayo nitaiweka kwa safu gani? Nikaipiga picha nikatuma Nairobi kama ilivyo."

Tarehe thelathini Juni wastani wa Nerima ulisimama kwenye tatu nukta saba. Haukufika nne. Siku mbili alikaa bila kazi, simu kimya, akimpeleka Shantel shule kwa miguu na kurudi kukaa kitandani. Siku ya tatu Micah alimpigia. Makao makuu yalikuwa yamejibu kwa mistari miwili: alama haziwezi kubadilishwa, zitabaki kama zilivyo, mkataba wa fundi uandikwe upya kwa miezi sita, eneo la Dundori.

Micah alimuuliza kuhusu ile barua ya kuomba Njoro, kwa kuwa bado ilikuwa kwenye faili. Nerima aliiendea mwenyewe, akairarua ofisini mbele yake, na vipande akavitia mfukoni ili asimchafulie sakafu.

Sasa ana mipango. Anataka kufikia mwisho wa mwaka awe amesomea kuunganisha kebo kubwa, zile zinazobeba nyumba mia kwa mara moja, kwa sababu juu ya Dundori, karibu na msitu, kuna nyumba kama arobaini ambazo watu wake bado wanapanda kilima kutafuta mtandao. Ameshaenda kuziangalia. Amesalimia kila nyumba.

Nilimuuliza swali la mwisho akiwa anakaza mshipi wa kofia: je, sasa anatumaini kwamba wateja wake wataanza kumpa tano?

Aliufunga mshipi kwanza.

"Nne inanitosha," alisema. "Hiyo moja wabaki nayo. Nataka wakiniona kwa geti wajue bado kuna kitu tunadaiana, ndio niingie ndani."